Shamba la Muheza na Shahada ya Ndege

Binti wa marehemu mdogo wangu alikuja nyumbani Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, akimshika mkono mtoto wake wa miaka 3. Nilipokwisha kuitikia shikamoo yake nikamwona anaketi mkekani ilhali viti vi vitupu, nikajua kuna jambo. Alitoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua aliyoichapisha kutoka kwenye kompyuta, ya chuo kikuu cha Cranfield huko Uingereza, inayomkubalia kusoma kwa mwaka mmoja shahada ya uzamili katika uendeshaji wa usafiri wa anga. Mlikuwa na hati nyingine pia, hii imeandikwa kwa mkono wa shangazi yake wa Tanga, ya wanaukoo kuridhia kuuzwa kwa sehemu ya shamba la machungwa aliloliacha marehemu baba yetu Muheza. Sahihi zote zilikuwapo isipokuwa yangu.

"Baba mkubwa," akasema, "sikuharakishi."

Shamba lenyewe ni ekari 7, naye alikuwa anaomba ekari 4. Michungwa ile ndiyo iliyomtunza mama katika ujane wake, na ndiyo iliyolipa karo yangu na ya mdogo wangu. Binti alikwisha kuomba ufadhili mara mbili akakosa. Alikuwa na shahada ya kwanza na miaka 4 ya kazi katika kampuni ya kuhudumia ndege kiwanjani Dar es Salaam, na mshahara wake ulitosha kodi ya chumba, nauli na maziwa ya mtoto, basi. Tena mtoto mwenyewe alikuwa nusu ya tatizo, kwa sababu kuanzia Januari 2024 Uingereza iliwazuia wanafunzi wa kigeni wa masomo ya namna hiyo kwenda na watoto wao. Kwa hiyo bahasha ile iliniomba vitu viwili kwa mpigo: ardhi ya baba yangu na mwaka mmoja wa utoto wa mjukuu wangu.

Nilimwambia nipe wiki moja. Kisha, kama ilivyo desturi ya wazee wasiotaka kujibu swali, nikaanza kumsimulia historia.

Mimi niliingia katika kazi za ndege mwaka 1974, nikiwa kijana wa miaka 20, karani wa mizani wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki katika kiwanja cha Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kujumlisha uzito wa abiria, wa mizigo na wa mafuta, na kuhakikisha kwamba ndege haikuzidishiwa wala haikuelemea kichwani au mkiani. Ni kazi ya penseli na kujumlisha, lakini rubani hawezi kuondoka bila karatasi yako, na kijana wa miaka 20 anapomwona rubani mwenye mistari minne ya dhahabu begani akisubiri penseli yake, anajiona mtu mkubwa sana.

Shirika hilo lilianza kuruka tarehe 1 Januari 1946, likiwa na ndege 6 ndogo za de Havilland, zile za bawa juu na bawa chini, kwa msaada wa BOAC, shirika la Waingereza. Mwaka 1960 likapata ndege zake za kwanza za jeti, aina ya Comet 4. Mwaka 1966 likapokea Super VC10 ya kwanza, ndege ndefu yenye injini 4 zote zimekaa mkiani, na hadi kufika 1970 zilikuwa 5. Kwa kuwa shirika lilikuwa la nchi tatu, ndege hizo nazo ziligawanywa katika daftari la usajili: 2 Tanzania, 2 Uganda na 1 Kenya. Sisi makarani tulizijua kwa herufi zao. 5H-MMT na 5H-MOG ndizo zilizokuwa za Tanzania, na ingawa zote zilikuwa za wote, 5H-MOG ilipotua Dar es Salaam kulikuwa na watu waliotoka ofisini kuitazama.

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967 uligawa makao makuu ya mashirika kwa nchi wanachama. Bandari zikapewa Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi, na makao ya Jumuiya yenyewe yakawa Arusha. Juu ya karatasi ulikuwa mgawo wa haki. Lakini bandari haihami, na ndege hulala pale penye karakana. Karakana ilikuwa Embakasi, watalii walishukia Embakasi, na sehemu kubwa ya fedha za kigeni iliingilia Nairobi. Manung'uniko ya Dar es Salaam na Kampala yalianza hapo, wala hayakuwa ya bure.

Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kwa mujibu wa mkataba ule mamlaka ya juu kabisa ya Jumuiya ilikuwa ni marais watatu kukutana. Basi hawakukutana tena. Fikiria, msomaji, shirika linalonunua ndege, linalokopa, linalofungua njia mpya, na mambo yake mazito yanahitaji kikao kisichoweza kuitishwa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Serikali zikabana fedha za kigeni, na mapato yaliyokusanywa katika nchi moja yakawa hayafiki, au yanachelewa kufika, kwenye makao makuu yaliyo katika nchi nyingine. Deni la mafuta haliulizi fedha ziko benki gani.

Mwishoni mwa Januari 1977 ndege ziliacha kuruka, nyingi zikiwa zimelala Nairobi. Nakumbuka nilikwenda kazini asubuhi, nikachonga penseli, na hapakuwa na kitu cha kupima. Mwezi Februari Kenya Airways ilianza kuruka kwa ndege za Boeing 707 ilizozikodi kutoka British Midland ya Uingereza. Mwezi huo huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi 1983. Air Tanzania ikaundwa mwezi Machi. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda shirika lake mwaka 1976. Katikati ya mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa, na kugawana mali na madeni kulimchukua msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, hadi Mei 1984 ndipo nchi tatu zilipotia sahihi Arusha.

Zile Super VC10 zilirudishwa kwa waliozitengeneza, kwa kuwa hazikuwa zimelipiwa zikaisha. Nne kati yake jeshi la anga la Uingereza lilizigeuza kuwa ndege za kujazia mafuta ndege nyingine angani. 5H-MOG, ambayo ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, iliruka na jeshi hilo hadi Septemba 2013, ikapelekwa kupumzishwa Dunsfold, kusini-magharibi mwa London. Shirika lililoinunua lilikufa likiwa na umri wa miaka 31. Ndege ikaendelea kuruka kwa miaka 36 baada ya mwenyewe kuzikwa.

"Sasa niambie mwanangu," nikamwambia, "hapo shahada ingefanya nini?"

Nilijiona nimeshinda. Na kwa hakika hoja yangu haikuwa dhaifu. Shirika lile halikuwa la wajinga. Lilikuwa na mafundi waliosomea Uingereza, marubani wa Kiafrika waliokuwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka, na chuo cha urubani cha Jumuiya pale Soroti, Uganda, kilichoanza mwaka 1971. Wenye mali waligombana, na mali ikafa. Mwenye shahada angeandika taarifa nzuri zaidi ya kifo.

Binti alinyamaza kidogo, akamvua mtoto viatu. Kisha akasema, "Hiyo ya marais nimeielewa, baba mkubwa. Na ile ajali ya Addis Ababa?"

Sikutegemea kwamba anaijua. Tarehe 18 Aprili 1972, miaka miwili kabla sijaajiriwa, Super VC10 ya usajili wa Uganda, 5X-UVA, ilikuwa inakimbia kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande kidogo cha chuma kilichodondoka njiani kutoka kwenye ndege ndogo iliyotangulia, tairi likapasuka. Nahodha akaamua kusitisha kuruka. Lakini breki hazikushika kama ilivyopasa, na wachunguzi wakaja kuona kwamba wakati wa matengenezo sehemu zake zilirudishiwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Watu 107 walikuwamo, 43 wakafa.

"Hapo hapakuwa na rais," akasema. "Palikuwa na njia isiyokaguliwa na karatasi ya karakana ambayo mtu alitia sahihi. Hayo nayaona kazini kila siku, kwa udogo wake. Na nikisema, naambiwa mimi ni msichana wa mizigo."

Kisha akaniuliza, bila ukali wowote: "Na wewe, baba mkubwa, marehemu baba alinisimulia kwamba ulipata nafasi hiyo hiyo zamani. Mbona hukwenda?"

Nikamjibu kwamba yalikuwa mambo ya nyumbani. Akaridhika, au alijifanya ameridhika, akanywa chai ya mama yake mkubwa, akaenda zake kabla ya magharibi. Mimi usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu jibu langu lilikuwa la uongo.

Ukweli ni huu. Baada ya 1977 niliajiriwa katika utumishi wa umma, upande wa usafiri, nikasoma Mzumbe, na mwaka 1988 mimi na mwenzangu mmoja tukapendekezwa kwenda Uingereza kwa masomo ya uzamili ya mambo haya haya, kwa gharama ya msaada. Mwenzangu alikwenda. Mimi nilikuwa na watoto wadogo, hilo ni kweli, lakini mke wangu alikwisha kusema niende. Kilichonizuia ni hesabu nyingine. Nilikuwa nimeona kwamba mtu akiondoka kiti chake hukaliwa, na mkuu wetu alikuwa karibu kustaafu. Nikabaki nikilinda kiti.

Mwenzangu alirudi mwaka 1989 na mabuku yake. Hakupewa kazi aliyoisomea. Alipangiwa chumba cha majalada, dirisha lake likitazama ukuta, akakaa humo takriban miaka minne. Kiti ambacho yeye alikisomea nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwapo. Sikumfitini, Mungu ni shahidi, lakini pia sikusema neno. Mwaka 1993 akaondoka kwenda Dubai, ambako Emirates, iliyoanza 1985 kwa ndege mbili za kukodi kutoka shirika la Pakistani, ilikuwa inakua na kutafuta watu. Siku ya kuaga alinipa kitabu cha Rigas Doganis, "Flying Off Course", kilichotoka mara ya kwanza 1985, kinachoeleza uchumi wa mashirika ya ndege. Nilikiweka rafuni. Kilipendeza pale.

Miaka hiyo ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na kampuni za watu binafsi zikaanza kurusha ndege. Mwaka 1995 moja kati yake, iliyokwisha kufa siku nyingi na ambayo sitaitaja, ilinichukua kuwa mkuu wa mipango, kwa heshima ya kile kiti nilichokuwa nimekilinda. Mwaka uliofuata tukakodi ndege kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Ilikuja na marubani wake, matengenezo yake na bima yake, sisi tukilipa kwa dola kwa kila saa inayoruka, na mafuta juu yetu. Mkataba ulikuwa wa kurasa 40 na ushei. Nilipewa siku mbili kuusoma na kutoa ushauri. Niliusoma wote, neno kwa neno, kama mtu anavyosoma gazeti la lugha anayoijua nusu.

Kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba tutalipia saa zisizopungua 200 kila mwezi, ziruke zisiruke. Nilikiona. Nilidhani ni maneno ya kawaida ya kisheria, kama yale yaliyo nyuma ya tiketi. Sikufanya hesabu ambayo mtu yeyote aliyesomea kazi hii huifanya kwanza kabla ya kusoma kitu kingine: safari ngapi kwa wiki, saa ngapi kwa safari, vibali vya kutua vinachukua muda gani, abiria wangapi wa kulipa, je, 200 tutazifikia? Niliandika kwamba mkataba unafaa.

Mwezi wa kwanza ndege iliruka saa 90. Vibali vya nchi mbili vilichelewa. Tukalipia 200. Mwezi wa pili tuliruka 120, tukalipia 200. Kampuni iliishi miezi 8. Wafanyakazi walikuwa wengi kuliko viti vya basi moja, na baadhi yao bado nakutana nao Kariakoo. Hawajui habari ya kifungu kile. Wao wanasema "wakubwa walikula". Hakuna aliyekula. Palikuwa na mtu mmoja asiyejua kazi aliyekalia kiti cha mtu anayeijua, na mwenye kuijua alikuwa Dubai. Mwaka 1997, nikiwa sina kazi, ndipo nilipokishusha kitabu cha Doganis nikakifuta vumbi.

Ndiyo sababu naipenda sana historia ya 1977. Nimeisimulia kwa miaka mingi, misibani, barazani na kwa vijana, na kila ninapoisimulia nathibitisha kwamba kusoma kusingesaidia kitu. Ile ya 1996 sikuwahi kumsimulia mtu.

Hata hivyo kuona aibu si kufikia uamuzi. Wiki ile nilijaribu kutazama upande wa pili kwa haki, na upande wa pili nao una ushahidi wake. Doganis mwenyewe, aliyekuwa profesa pale pale Cranfield miaka ya 1990, alipewa Olympic Airways ya Ugiriki aiongoze mwaka 1995. Mwaka 1996 hakuwapo tena. Kama mwandishi wa kitabu hakuweza kukaa katika shirika la serikali kwa miaka miwili, mwanafunzi wake atakaa mingapi? Kenya Airways iliingia ubia na KLM iliyochukua asilimia 26, ikauza hisa zake Nairobi mwaka 1996, ikasifiwa Afrika nzima kwa uongozi wa kitaalamu, na katika mwaka wa fedha wa 2014/15 ikatangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7. Wasomi walikuwamo tele. Ndege mpya walizoziagiza kwa kutazamia abiria wengi ziliwasili wakati watalii wamekimbia ugaidi na Afrika Magharibi imeshikwa na ebola. Kwetu, Air Tanzania iliuza asilimia 49 kwa shirika la Afrika Kusini mwaka 2002 na serikali ikazichukua tena hisa hizo mwaka 2006. Kuanzia 2016 serikali ikanunua ndege mpya, na baadhi ya Airbus A220 zikalala chini kwa miezi mingi kwa sababu ya matatizo ya injini. Uganda Airlines ilifungwa 2001 ikafufuliwa Agosti 2019. Mtu akisema kazi hii ni kaburi la wasomi, sitambishia sana.

Lakini wako Waethiopia, na hao ndio walioniharibia hoja zangu. Shirika lao liliundwa Desemba 1945, siku chache tu kabla letu halijaruka. Safari yao ya kwanza ya ratiba, kwenda Cairo, ilikuwa Aprili 1946. Nao hawakuwa na watu; waliingia mkataba na TWA ya Marekani, na marubani, mafundi na mameneja wote wa mwanzo walikuwa Wamarekani. Tofauti ni kwamba mkataba ule uliwataka wageni wafundishe, na Waethiopia walishika hilo bila kuchoka. Wengine walipelekwa ng'ambo, wengine walifundishwa pale pale Addis, na shule yao ya marubani ilianza mwaka 1964. Kiti kimoja kimoja kikabadilika mikono. Meneja mkuu wa kwanza Mwethiopia, Kanali Semret Medhane, alipatikana mwaka 1971, baada ya miaka 25. Mfalme aliyeliunda shirika akapinduliwa 1974, wakaja wanajeshi wenye siasa za Kikomunisti, na bado mwaka 1984 shirika hilo lilipokea Boeing 767 kutoka Marekani. Ethiopia ilikuwa na vita, ilikuwa na njaa iliyolia dunia nzima mwaka huo huo wa 1984, ilikuwa na mtawala asiyesikia. Kama wakubwa wakorofi ndio wanaoua ndege peke yao, ile ingekufa mara tatu.

Ninavyoona mimi, na si lazima msomaji akubaliane nami, walichokuwa nacho ni idadi. Si msomi mmoja aliyerudi na mabuku akawekwa chumba cha majalada, bali wengi waliojua kazi katika kila ghorofa, kiasi kwamba mkubwa akitaka kufanya upuuzi hukuta watu kumi wenye hesabu mkononi. Mwenzangu alikuwa mmoja. Laiti mwaka 1988 ningekwenda, tungekuwa wawili. Sijui kama wawili wanatosha, lakini chumba cha majalada kilikuwa na nafasi ya meza moja tu.

Jumatano nilimpigia simu nikamwuliza kwa nini asisome karibu. Kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hapa Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1975, na kuna chuo cha mambo ya anga Nairobi kilichoanza tangu 1954. Hakukasirika. Alisema kozi fupi alikwisha kuzifanya hapa nyumbani na zilimfaa sana, lakini anachotaka kujifunza ni mambo ya meza ile wanayokaa wanaonunua, wanaokodi na wanaopanga njia, na Cranfield wamefundisha hayo kwa miaka mingi. Nikamwuliza kama atarudi. Hapo alisita. Alisema Uingereza mwaka 2021 ilirudisha ruhusa ya mhitimu kubaki na kufanya kazi miaka miwili, ingawa masharti yanabadilika badilika, naye asingependa kuniahidi kitu asichokijua. "Lakini mtoto wangu yuko kwenu," akasema.

Hapo ndipo mke wangu, aliyekuwa anasikiliza, alipoingilia. Alisema mtoto halii mwaka mzima. Hulia wiki mbili, kisha humwita anayempa uji mama, na hilo ndilo litakalomuumiza binti, si kilio. Alimwambia hivyo hivyo kwenye simu, bila kuzungusha. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha binti akasema, "Najua, mama mkubwa. Nimelifikiria hilo kuliko ada."

Ijumaa tulikwenda Muheza, mimi, shangazi yake na mnunuzi, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Tulipima kwa miguu na kamba kutoka mwembe wa mpakani hadi bondeni. Sikukubali ekari 4. Nilikubali 3, zile za upande wa barabara ambazo bei yake ni nzuri na michungwa yake imezeeka, na nikasema pengo nitalijaza kwa akiba yangu, ambayo si kubwa. Shangazi alinitazama sana, kwa kuwa ananijua kuwa mtu wa mkono mgumu. Nilitia sahihi kwenye kiti cha pikipiki ya mwenyekiti. Kalamu ilikuwa yake, ya bluu, nayo ilikwama mara mbili.

Binti alipokuja Jumamosi iliyofuata nilimpa hati, na juu yake nikaweka nakala ya ule mkataba wa 1996. Nilikuwa nimeuhifadhi miaka yote ndani ya sanduku la vyeti, chini kabisa. Nikamsimulia yote, kuanzia 1988, pamoja na habari za mwenzangu na kile kiti. Mtoto alikuwa akichezea miwani yangu. Nilimwambia akifika huko awaulize walimu wake kifungu kile cha saa 200 tulipaswa kukijibu vipi, sisi tuliokuwa hatuna ubavu wala fedha.

Hakusubiri kufika. Aliusoma pale pale mkekani, akifungua kurasa haraka haraka, akirudi nyuma, akihesabu kwa vidole. Alikipita kifungu changu kama mtu anayepita nyumba anayoifahamu. Alipofika karibu na mwisho akasimama.

"Baba mkubwa," akasema, "hii amana ya miezi miwili mliyowawekea mwanzoni, mkataba ulipovunjika waliirudisha?"

Nilivaa miwani yangu nikasogea nione anaonyesha wapi.